Pesa ya Miche Iliishia Wapi?

Ijumaa moja jioni, mhasibu wa shirika dogo la kutunza misitu alipigiwa simu na mama wa kikundi cha kitalu karibu na msitu wa Aberdare. "Dada, wenzangu wote wameingiziwa. Mimi bado."

Mhasibu akaangalia mfumo. Miche 184, kila mmoja shilingi 10, jumla 1,840. Malipo yamepita, nambari ni ileile iliyo kwenye fomu. Kwa upande wa ofisi, kazi imeisha.

Shida ni kwamba nambari ile ilikuwa ya mwanawe. Mama hakuwa na laini yake. Kijana naye alikuwa amekopa kupitia simu, ile mikopo ya kukuwezesha kutuma pesa hata salio likiisha, na deni la aina hiyo hukatwa pesa yoyote inapoingia. Kwa hivyo jasho la miezi kadhaa la kujaza udongo kwenye mifuko na kumwagilia lilienda kulipa deni ambalo mama hata hakulijua. Kijana alinyamaza.

Watu wengi wakisikia shirika la mazingira huwaza wanaovaa gambuti na kushika jembe. Idara ya fedha hatuioni. Lakini tangu zamani upandaji miti wa kijamii hapa kwetu umetembea na malipo. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, iliwalipa kina mama kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kukua. Hapo lazima mtu ahesabu, mwingine athibitishe, na mwingine alipe. Siku hizi malipo kama hayo yanaweza kupita kwenye simu, watu mia kwa mpigo.

Si ungedhani shirika lingemlipa tu mama tena? Hapo ndipo kazi hii inauma. Pesa ya mfadhili huja na masharti: hii ni ya miche, ile ni ya mafuta ya gari, na huwezi kuzichanganya. Miche 184 tayari ilikuwa imelipwa vitabuni. Ukiilipa mara ya pili, mkaguzi wa hesabu atakuuliza miche mingine 184 iko wapi, na hutakuwa na jibu.

Mhasibu mwenyewe anakiri kwamba kosa lingeweza kushikwa mapema. Orodha ilikuwa na jina la mama, laini ilikuwa na jina la kijana, na hakuna aliyelinganisha. Siku hizo walikuwa wakihangaika zaidi na Excel, ambayo hupenda kumeza ile sufuri ya mwanzo ya nambari za simu. (Andika nambari ukianza na 254 na utalala vizuri.) Sasa mmoja huandaa orodha, mwingine hukagua jina la kila laini kabla ya kuidhinisha, na jina lisipolingana mtu hupigiwa simu kwanza. Inachelewesha malipo kwa siku moja hivi, na kina mama hulalamika kweli.

Kama wewe ni mweka hazina wa chama, hili linakuhusu hata kama hujawahi kuona kitalu. Jina likitokea kwenye skrini kabla hujatuma, lisome. Likiwa si la mwanachama, uliza. Na kama unapokea pesa kwa laini ya mtu mwingine, mume, mtoto au jirani, jua kwamba mwenye laini ndiye mwenye akaunti, na madeni yake yako humo. Beba kitambulisho chako, sajili laini yako. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Kijana alirudisha ile 1,840 kwa awamu tatu, mbele ya mwenyekiti wa kikundi. Mama akasajili laini yake. Malipo yaliyofuata yalipoingia alimpigia mhasibu tena, na mhasibu akashika simu moyo ukimdunda. Mara hii mama alitaka tu kuelezwa jinsi ya kubadilisha nambari ya siri, kwa sababu aliyemsaidia kuiweka ni yule yule kijana.