MICHEZO YA WANAWAKE: NANI AMESEMA WASOMAJI HAWAITAKI?



Kuna maneno yanayosemwa kila mara ukurasa wa michezo unapopangwa, iwe katika gazeti kubwa, katika redio, au katika karatasi ndogo ya sendika. Maneno yenyewe ni haya: "Habari za michezo ya wanawake hazina wasomaji. Watu wanataka mpira wa wanaume." Yanasemwa na watu wenye akili zao, tena bila ubaya, kama mtu anayesema kwamba wakati wa masika kuna matope. Lakini sisi wafanyakazi tumezoea kuuliza kila tunapoambiwa kwamba jambo fulani liko hivyo tu: limekuwa hivyo kwa sababu gani? Ndivyo tunavyouliza juu ya mishahara. Leo tuulize vivyo hivyo juu ya michezo.

MAPENZI YA MTU HUTOKA WAPI?

Tuanze hapa hapa kwetu, pwani ya Tanganyika, tangu Minago hadi Rumonge na kuendelea mpaka Nyanza-Lac. Kaa jioni mahali wavuvi wanaposhona nyavu, au pale wakamuaji wa mawese wanapopumzika baada ya kazi. Utasikia ubishi juu ya Simba na Yanga za Dar es Salaam. Wapo wanaojua nani alifunga na dakika ya ngapi, wala hawajakanyaga Dar es Salaam siku moja.

Mapenzi hayo waliyapata wapi? Hawakuzaliwa nayo. Redio iliwapa majina. Iliwaambia mechi itachezwa lini kabla haijachezwa, ikawasimulia wakati inachezwa, na kesho yake ikawapa la kubishania. Baadaye wakasikia kwamba Warundi wenzetu kama Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza wamezichezea timu zote mbili, basi moto ukazidi kuwaka.

Sasa tujiulize. Je, mechi ya wanawake hutangazwa hivyo? Mara nyingi habari yake hutolewa siku mbili baada ya mchezo kwisha, mistari miwili: timu fulani imeishinda timu fulani. Hakuna jina la mfungaji, hakuna msimamo wa ligi, hakuna habari ya mechi ijayo. Halafu tunashangaa kwamba msomaji amepita bila kusoma. Msomaji hakukataa chakula. Sahani aliyoletewa ilikuwa tupu.

Wengine watatujibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaoishi ziwani tunajua zaidi ya hapo. Hata mukeke mzuri, mnono, uliovuliwa usiku uleule, ukiufunika kwa gunia hakuna atakayeununua. Lazima ufunuliwe, na lazima mtu apaze sauti sokoni.

Wala jambo hili si la Burundi peke yake. Mwaka 1918 haikuwa hivi, wala mwaka 1980, lakini leo dunia nzima wanawake wako viwanjani kwa wingi. Shirika la UNESCO lilieleza mwaka 2018 kwamba katika kila watu 100 wanaoshiriki michezo, 40 ni wanawake. Lakini habari zao zilipata sehemu 4 tu kwa 100 ya habari zote za michezo. Ukimpa mtoto mmoja sahani na mwingine punje, usiseme baadaye kwamba huyu wa pili hana hamu ya kula.

MEDALI MBILI ZA TAIFA

Burundi ilianza kushiriki michezo ya Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, Marekani. Mwaka uleule Vénuste Niyongabo akashinda mbio za mita 5,000 na kutuletea dhahabu. Kila mtu analijua jina hilo. Tangu hapo mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, nchi yetu imepata medali nyingine moja tu ya Olimpiki. Nani aliileta? Mwanamke: Francine Niyonsaba, mzaliwa wa upande wa Ruyigi, aliyeshika nafasi ya pili katika mbio za mita 800 huko Rio de Janeiro, mwezi wa nane mwaka 2016. Alitumia dakika 1 na sekunde 56.49.

Basi hesabu ni nyepesi, hata kwa sisi tuliosoma shule ya msingi peke yake. Medali za Olimpiki za taifa ni mbili. Moja ya mwanamume, moja ya mwanamke. Je, nafasi katika kurasa za michezo imegawanywa hivyo?

Tena Francine hakuishia Rio. Mwaka 2016, na tena mwaka 2018, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 katika mashindano ya ndani ya ukumbi. Mwaka 2017 huko London alichukua fedha ya dunia. Halafu chama cha riadha cha dunia kikaweka kanuni mpya juu ya homoni za wanariadha wanawake. Kanuni hizo zilianza kazi mwaka 2019, zikamfungia mbio alizozizoea. Magazeti ya nchi nyingi, ambayo hayakuwa yameandika mistari kumi juu ya mbio zake, ghafla yakapata karatasi ya kutosha kuandika juu ya mwili wake. Hapo ndipo tunapoona kwamba mwandishi akitaka, nafasi hupatikana.

Dada huyo hakukaa chini. Alihamia mbio ndefu, ambazo wakati huo kanuni hazikuzigusa. Mwaka 2021 alimaliza wa tano katika mita 10,000 kwenye michezo ya Tokyo. Tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, huko Zagreb, alikimbia mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56, akaweka rekodi ya dunia. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2024. Mwezi wa tatu mwaka 2023 kanuni zilipanuliwa zikagusa mbio zote. Mabishano ya waganga na wanasheria juu ya jambo hilo hatuwezi kuyamaliza sisi katika ukurasa huu. Sisi tunasema jambo moja tu: mfanyakazi aliyebadilishiwa kazi bila hiari yake, kisha akafika mbele ya wote katika kazi ile mpya, anastahili kuandikwa kwa kazi yake.

WALIFUNGWA, LAKINI WALIFIKA

Katika mpira nako kuna habari. Mwezi wa saba mwaka 2022 timu ya taifa ya wanawake ilicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Afrika, huko Moroko. Ilifungwa na Botswana 4 kwa 2, na Afrika Kusini 3 kwa 1, na Nigeria 4 kwa 0. Wapo waliocheka. Lakini waliocheka wasisahau kwamba Afrika Kusini iliyotufunga ndiyo iliyolichukua kombe, na kwamba timu inayofika mara ya kwanza huenda kujifunza. Zaidi ya hayo, Simba Queens ya Dar es Salaam, iliyoshika nafasi ya nne katika ligi ya mabingwa wa Afrika mwaka 2022, imewahi kuwa na wasichana wa Kirundi kama Asha Djafari na Joelle Bukuru. Tunayemjua Tambwe, mbona Asha tumjue kwa bahati?

Na tusisahau uongozi. Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la mpira la Burundi kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza katika dunia kuchaguliwa na mkutano mkuu kuingia kamati kuu ya FIFA. Dunia nzima ilikuwa na wanawake wengi wa kuchagua. Aliyetangulia kupita mlango huo alitoka Burundi.

WAFANYAKAZI WALIOJAZA UWANJA

Sasa, ndugu wafanyakazi, sikilizeni habari ya wenzetu wa kiwandani. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wanaume wengi wa Uingereza walikwenda mstari wa mbele, na wanawake wakaingia viwandani kutengeneza risasi na mizinga. Katika mji wa Preston, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr walianza kucheza mpira wakati wa mapumziko ya kazi. Wakaunda timu. Wakacheza ili kuchangisha fedha za majeruhi wa vita.

Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza katika uwanja wa Goodison Park, mjini Liverpool. Watazamaji waliolipa kiingilio walikuwa 53,000, na maelfu wengine walibaki nje kwa kukosa nafasi. Mwaka 1921 wachimba makaa ya mawe walipofungiwa kazi na waajiri wao, timu za wanawake zilicheza kuchangia jamaa zao waliokuwa na njaa. Huo ndio mshikamano wa wafanyakazi.

Je, nini kilifuata? Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha mpira cha Uingereza kilitangaza kwamba mpira haufai kuchezwa na wanawake, kikavikataza vilabu vyake kuwapa viwanja. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50. Watu waliokuwa wanajaza uwanja hawakuondoka wenyewe, mlango ulifungwa. Na baada ya miaka 50 ya mlango kufungwa, wakatokea watu wa kusema kwamba mpira wa wanawake hauna watazamaji!

KALAMU INAWEZA KUFUNGA NJIA

Mfano mwingine ni wa zile mbio za mita 800 zilizotuletea medali. Wanawake walizikimbia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1928 huko Amsterdam. Mjerumani Lina Radke alishinda. Wakimbiaji wote tisa wa fainali walifika mwisho. Walikuwa wamechoka, kama achokavyo kila mtu aliyekimbia kwa nguvu zake zote. Lakini magazeti kadhaa yaliandika kwamba wanawake walianguka ovyo njiani, kwamba ilikuwa aibu na hatari kuwatazama. Wakubwa wa michezo wakaziondoa mbio hizo kwa wanawake, na hazikurudi mpaka mwaka 1960. Miaka 32! Mabinti wangapi walizaliwa, wakakua, wakazeeka, bila kupata nafasi aliyoipata Francine, kwa sababu ya kalamu zisizosema kweli? Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ukurasa wa michezo ni jambo dogo la kujifurahisha.

HESABU YA SAA

Turudi nyumbani. Husemwa pia kwamba wanawake wenyewe hawapendi michezo. Tuhesabu saa zao kwanza. Mama anayeanika ndagala ufukweni huamka kabla ya jua kuungojea mtumbwi. Yule wa mashambani hubeba mikungu ya michikichi, au hushinda karibu na moto wa mawese. Kazi ikiisha, mwanamume anaweza kwenda uwanjani. Mwanamke anakwenda kuteka maji, kupika, kuwaogesha watoto. Siku ya mapumziko ndiyo siku ya kufua. Na uwanja wenyewe, jioni, umekwisha kushikwa na wanaume. Ziwa nalo, lilipopanda miaka ya karibuni, lilimeza sehemu za tambarare watoto walizochezea. Mtu asiye na saa, asiye na uwanja wala mpira, akikosa kucheza, tusiseme hataki.

TUNADAI NINI?

Kwanza, kila kamati ya sendika inapojadiliana na mwajiri juu ya michezo ya wafanyakazi, iseme wazi fungu la wanawake: mpira wao, sare zao, nauli yao, na siku yao uwanjani. Fedha za michezo zinapotolewa kwa jina la wafanyakazi wote, ziwafikie wafanyakazi wote.

Pili, saa za mazoezi zipangwe kwa kuzingatia saa za akina mama. Nasi waume, kaka na baba, tuchukue ndoo siku ya mechi. Ndoo ya maji haimvunji mwanamume mgongo, hasa aliyezoea kubeba ngazi za mawese.

Tatu, mwenye kuandika habari za mechi aandike kama anavyoandika ya wanaume: nani kacheza na nani, wapi, nani kafunga na dakika ya ngapi, kipa kaokoa mangapi, mechi ijayo ni lini. Asituandikie kwamba fulani ni mke wa nani wala kwamba alisuka vipi. Na akicheza vibaya, aandikwe kwamba alicheza vibaya. Kumwonea huruma mchezaji ni njia nyingine ya kumdharau.

Nne, msomaji naye atimize wajibu wake. Ukumbi wa michezo wa karatasi hii uko wazi. Kama katika shamba lenu, kiwanda chenu au mwalo wenu kuna wanawake wanaocheza mpira, wanaokimbia au wanaorusha mpira wa wavu, tuleteeni matokeo na majina yao, kwa ruhusa yao. Asiyejua kuandika amwambie mwakilishi wa sendika amwandikie. Leteni kabla ya mechi pia, ili watu wajue siku ya kwenda kutazama.

Ndugu wafanyakazi, hatusemi kwamba habari za wanaume zipunguzwe mpaka wakasirike. Sisi nasi tunaipenda Vital'O, na bado tunasimulia jinsi ilivyofika fainali ya kombe la Afrika la washindi mwaka 1992. Tunachosema ni kwamba hamu ya watu hufuata kile wanachoonyeshwa. Mwenye kalamu, mwenye redio na mwenye uwanja wanayo sehemu yao katika kuamua watu watapenda nini kesho. Katika shamba hatungoji michikichi izae ndipo tuipande. Tuanze kupanda sasa.

Umoja ni nguvu!