Kutia Injini ya Dizeli katika Pikapu Ndogo

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wametuuliza mara nyingi kama ni faida mtu kuing'oa injini ya petroli katika pikapu yake na kutia ya dizeli mahali pake. Swali hili lina maana, kwani vitunguu vya bonde la Eyasi havina budi kupanda mpaka Karatu kabla ya kufika masoko ya Arusha na Nairobi, na kila gunia lapandishwa kwa mafuta. Jibu letu ni kwamba faida ipo. Lakini mtu akibadili injini na asibadili vile viandamanavyo na injini, amejinunulia hatari kwa fedha yake mwenyewe.

Injini hii ilipata jina lake kwa Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilijaribiwa ikafaulu huko Augsburg mwaka 1897. Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huchanganywa, kisha plagi hutoa cheche na kuuwasha mchanganyiko. Dizeli haihitaji cheche. Huvuta hewa tupu, ikaibana mpaka ujazo wake uwe kama sehemu moja ya ishirini, na hewa iliyobanwa hivyo hupata moto kupita digrii 500. Ndipo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Kila aliyetia upepo baiskeli ameona pampu ikipata joto mkononi. Ni jambo lilo hilo. Kwa sababu hiyo dizeli hula mafuta machache kuliko petroli kwa kazi ile ile, na nguvu zake huja ingali ikizunguka polepole, jambo lifaalo sana kwa gari lenye mzigo mlimani.

Pikapu ambayo watu wengi huitaka kwa kazi hii ni Toyota Hilux. Sababu ni nyepesi: Toyota wenyewe walitengeneza Hilux za petroli na za dizeli, na injini zao za dizeli ziitwazo 2L, yenye sentimita za ujazo 2,446, na 3L, yenye 2,779, zilifungwa kiwandani katika magari ya jamii hiyo. Kwa hiyo vishikizo, giaboksi na rejeta vyaweza kupatikana katika gari la dizeli lililovunjwa. Twamshauri mwenye gari asinunue injini peke yake kwa kuwa ni rahisi. Anunue na giaboksi yake, stata yake, altaneta yake na nyaya za hita plagi, zote za gari moja. Tangi nalo lioshwe, lipate bomba la kurudisha mafuta yaliyozidi, na chujio lenye kutenga maji. Betri iwe kubwa zaidi, maana kuzungusha injini yenye mbano mkubwa si kazi ya betri ndogo. Springi za mbele zitazamwe, kwani dizeli ni nzito.

Sasa twaja kwenye breki, na hapa twaomba wasomaji wasome polepole.

Katika gari la petroli kuna kilango kidogo kinachozuia hewa kuingia injini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kilango hufungwa, pistoni huvuta na kukosa hewa, na mvuto huo hupelekwa kwa mpira mpaka katika chombo cha duara kilicho mbele ya pedeli ya breki, ambacho mafundi hukiita busta. Mvuto ule ndio unaomsaidia dereva kukanyaga. Dizeli za namna hii, kwa kawaida, huvuta hewa bila kizuizi. Mvuto wa kutosha haupo. Kwa hiyo watengenezaji huweka pampu ndogo ya kuvuta hewa, mara nyingi nyuma ya altaneta. Fundi akifunga altaneta isiyo na pampu hiyo, gari litawaka, litatembea, litasifiwa. Ila busta itakuwa chombo kitupu.

Sisi tulipata kuteremka kutoka Karatu kuelekea Mang'ola katika gari lililofanywa hivyo. Dereva alikuwa ameona pedeli ni ngumu, akaambiwa italainika kwa kutumika. Karatu iko juu kiasi cha mita 1,500, na ziwa Eyasi kiasi cha mita 1,000. Katikati ya mteremko alisimama juu ya pedeli kwa miguu miwili, na gari halikusimama mpaka alipolielekeza kwenye ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia. Kilichokosekana ni pampu ndogo ya kushikwa mkononi.

Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu. Uishike hivyo, kisha washa. Pedeli ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usilipokee gari.

Vumbi la Mang'ola pia ni adui, kwa kuwa dizeli huvuta hewa nyingi. Chujio la hewa lisipitishwe mpira uliopasuka. Tena 2L na 3L zina mkanda wa taimingi, nao ukikatika, vali hugongana na pistoni. Injini iliyotumika haisemi umri wa mkanda wake. Tia mpya kabla ya kuifunga.

Kuhusu gharama, EWURA hutangaza bei kikomo za petroli na dizeli kila mwezi. Mtu na azilinganishe, ahesabu safari zake za mwaka, ndipo aulize bei ya fundi. Aendaye Karatu mara moja kwa juma huenda asiione fedha yake kwa miaka mingi. Na akikwisha kubadili, apeleke habari TRA, kwa maana namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari, na namba isiyolingana italeta taabu kwa askari wa barabarani, kwa bima, na siku ya kuuza.