Globu Moja Yatosha

Je, umewahi kushika tochi usiku ukaikuta haina betri? Hayo yalinikuta hapa Mbalibali, wilayani Serengeti. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa amezichukua ili atengeneze mchezo wa maswali ya Biblia kwa ajili ya shule ya Jumapili. Nilikwenda kwa hasira. Lakini nilipomkuta mbele ya boksi lake, machozi yakimlengalenga, nilinyamaza.

Wazo lake lilikuwa zuri: maswali kushoto, majibu kulia, ukipatia, taa inawaka. Ila aliweka globu nane na swichi nane, na nyuma ya boksi nyaya zilisokotana kama nywele zisizochanwa. Hapakuwaka hata globu moja, wala hakujua kosa liko wapi.

Niliketi naye, nikamwuliza: mchezaji hujibu maswali mangapi kwa mara moja? Moja tu. Basi globu nane za nini? Kila kiungo cha waya ni mahali pengine pa kuharibika. Tukafumua yote, tukaanza upya hivi:

1. Chukua betri mbili za tochi, za volti 1.5 kila moja, na globu ndogo ya tochi ya betri mbili. Zifunge betri zikifuatana, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine.

2. Waya wa kwanza utoke upande mmoja wa betri, upite kwenye globu, na ncha yake iachwe wazi. Waya wa pili utoke upande wa pili wa betri, nao uachwe ncha wazi. Hizo ncha mbili ndizo za kuchezea.

3. Toboa msumari mdogo kando ya kila swali na kila jibu. Nyuma ya boksi, unganisha msumari wa "Mama yake Samweli" na wa "Hana" kwa waya wenye ganda la plastiki, uliomenywa ncha tu. "Mwuza rangi ya zambarau" uende kwa "Lidia". Nyaya zikipishana si neno, mradi ganda lisichubuke.

Swichi hazihitajiki. Ncha zikigusa swali na jibu lake, umeme hupata njia ya kuzunguka, na globu huwaka.

Isipowaka, gusanisha zile ncha mbili. Ikiwaka sasa, kosa liko nyuma ya boksi. La sivyo, angalia betri, globu na viungo vyake. Kamwe mtoto asitumie umeme wa nyumbani wala betri kubwa ya sola kwa mchezo huu, ni hatari.

Globu yake iliwaka usiku uleule. Ndipo akaniomba radhi kwa kuchukua betri bila ruhusa, nami nikamwomba radhi kwa hasira niliyokuja nayo.

Mama mpenzi, Timotheo alirithi imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Watoto wetu nao hujifunza kwetu, hata namna ya kushindwa na kuanza tena. Kabla ya kumfokea mwanao kwa betri zilizopotea, keti naye kwanza, umwulize anatengeneza nini.