Kwa nini ushuhuda wa manusura ni ngao dhidi ya chuki kwa Wayahudi

KADIRI miaka inavyosonga, ndivyo idadi ya watu walionusurika katika kambi za mauaji za utawala wa Adolf Hitler inavyozidi kupungua. Mnamo Januari 2024, Claims Conference, shirika linalofuatilia fidia za Wayahudi walioteswa na Wanazi, lilikadiria kuwa manusura wapatao 245,000 walikuwa wangali hai katika zaidi ya mataifa 90. Wengi wao walikuwa watoto wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na sasa ni wakongwe.

Kuondoka kwao kunazua swali zito. Je, ni nani atakayewajibu wale wanaodai kwamba mauaji ya Wayahudi milioni sita hayakutokea, au kwamba yametiwa chumvi?

Chuki dhidi ya Wayahudi haikuanza na Hitler. Katika Enzi za Kati, Wayahudi wa Ulaya walilaumiwa kwa kila baa. Tauni ilipoua mamilioni ya watu kati ya 1347 na 1351, walisingiziwa kuwa wametia sumu visimani. Mnamo Februari 1349, mamia ya Wayahudi waliteketezwa kwa moto mjini Strasbourg.

Katika karne ya 19, chuki hiyo iliyokuwa na mizizi katika dini ilivishwa joho la elimu ya rangi na nasaba. Kisha mwaka 1903 kukachapishwa nchini Urusi maandishi ya kughushi yaliyodai kuwa Wayahudi wana njama ya kuutawala ulimwengu. Gazeti la The Times la London lilifichua mwaka 1921 kuwa maandishi hayo yalinakiliwa kutoka kitabu cha awali ambacho hakikuwataja Wayahudi kabisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini uongo huo umesafiri zaidi ya karne moja na hadi leo unasambazwa mitandaoni.

Kenya nayo iliguswa na historia hii. Baada ya Wayahudi 49 kuuawa katika ghasia za Kishinev, Aprili 1903, serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi makao katika nyanda za Uasin Gishu. Viongozi wao walilikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Miaka ya thelathini, baadhi ya familia za Kiyahudi zilizomtoroka Hitler zilipata hifadhi humu nchini.

Waathiriwa wenyewe walitambua mapema kwamba wauaji wangejaribu kufuta nyayo zao. Jijini Warsaw, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri barua, shajara na masimulizi ya Wayahudi waliofungiwa mtaani. Waliyafukia ardhini ndani ya masanduku ya bati na mitungi ya kubebea maziwa. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Sehemu ya hazina hiyo ilifukuliwa 1946, nyingine 1950. Sehemu ya tatu haijapatikana.

Wasiwasi huo huo ulimpata Jenerali Dwight Eisenhower wa Marekani alipozuru kambi ya Ohrdruf, Aprili 1945. Aliomba wabunge na wanahabari waletwe wajionee, ili asitokee mtu baadaye akadai kuwa habari hizo ni propaganda.

Hata hivyo, baada ya vita manusura wengi walinyamaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wachache tu walikuwa tayari kuwasikiliza. Primo Levi, mwanakemia Mwitaliano aliyenusurika Auschwitz, alikataliwa na mchapishaji mkubwa kabla ya kitabu chake kutolewa na kampuni ndogo mwaka 1947. Zilichapishwa nakala 2,500 pekee.

Mambo yalibadilika mwaka 1961, wakati Adolf Eichmann, mmoja wa waratibu wakuu wa usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambini, aliposhtakiwa jijini Jerusalem. Kiongozi wa mashtaka aliwaita mashahidi zaidi ya 100, wengi wao manusura. Kwa mara ya kwanza, ulimwengu uliwasikia kwa sauti zao wenyewe.

Mnamo 1994, mwelekezi wa filamu Steven Spielberg alianzisha wakfu wa kurekodi masimulizi hayo kwa video. Zaidi ya manusura na mashahidi 50,000 walihojiwa kwa lugha 32.

Lakini je, ushuhuda pekee unatosha? Kesi iliyoamuliwa jijini London mwaka 2000 inatoa jibu. Mwandishi David Irving alimshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanushaji wa mauaji hayo. Mawakili wa Lipstadt waliamua kutowaita manusura kizimbani, kwani Irving, aliyejiwakilisha mwenyewe, angepata fursa ya kuwahoji na kuwadhalilisha. Walitegemea nyaraka na wanahistoria. Jaji Charles Gray aliamua kuwa Irving alipotosha ushahidi kimakusudi na kwamba alikuwa na chuki dhidi ya Wayahudi.

Kwa hivyo, nyaraka na masimulizi hukamilishana. Nyaraka huthibitisha ni wangapi waliosafirishwa, lini na kwa amri ya nani. Manusura hueleza jinsi jirani alivyoacha kusalimu, jinsi maduka yalivyosusiwa, jinsi mtoto alivyofukuzwa shuleni. Wao ndio wanaoonyesha kwamba maangamizi yalitanguliwa na maneno, kisha sheria, ndipo yakafuata magari ya moshi ya kwenda kambini.

Funzo hilo lingali na uzito. Mnamo Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 11 katika sinagogi jijini Pittsburgh, Marekani. Tangu Hamas waliposhambulia Israeli Oktoba 7, 2023 na kuua watu wapatao 1,200, na vita vilivyofuata Gaza kuua makumi ya maelfu ya Wapalestina, visa vya kuwashambulia Wayahudi vimeongezeka katika mataifa mengi. Kukosoa vitendo vya serikali ya Israeli si chuki dhidi ya Wayahudi. Chuki huanza pale Myahudi wa Paris au Manchester anapobebeshwa lawama kwa sababu tu ya asili yake.

Rwanda nayo imefuata mkondo huo wa kuhifadhi kumbukumbu. Makumbusho ya mauaji ya halaiki jijini Kigali yalifunguliwa 2004 kwa ushirikiano na shirika la Aegis Trust, ambalo waasisi wake walikuwa wamejenga kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi nchini Uingereza. Huko pia, manusura wa 1994 wanakabiliana na wakanushaji.

Umoja wa Mataifa uliitenga Januari 27, siku ambayo Auschwitz ilikombolewa mwaka 1945, kuwa siku ya kuwakumbuka waathiriwa. Lakini kumbukumbu hai ziko vinywani mwa wazee wanaoaga dunia kila mwaka. Lisilorekodiwa leo litapotea, kama ile sehemu ya tatu iliyosalia chini ya ardhi ya Warsaw.