Usinunue Mionzi kwa Bei ya Siku Moja

Daktari akishataja saratani ya tumbo, jamaa hukimbilia swali moja: mionzi ni pesa ngapi? Karani hutaja bei ya kipindi kimoja, nao huanza kuzunguka hospitali wakitafuta kwenye nafuu. Nawaomba wasimame kidogo. Bei ya siku moja haisemi lolote mpaka ujue siku zenyewe ni ngapi, na kabla ya hapo, kama mionzi inahitajika.

Mwaka 2001 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba nusu ya waliopasuliwa kisha wakapewa mionzi pamoja na dawa ya fluorourasili waliishi zaidi ya miezi 36. Kwa waliopasuliwa tu, nusu hawakuvuka miezi 27. Dozi ya mionzi ilikuwa grei 45, vipindi 25, wiki tano. Tangu hapo mambo yamebadilika. Mwaka 2019 Wajerumani walitoa matokeo ya FLOT, mchanganyiko wa dawa nne zinazotolewa kabla na baada ya upasuaji: nusu ya wagonjwa walifikisha miezi 50. Mwaka 2024 utafiti wa TOPGEAR ukaonyesha kuwa kuongeza mionzi juu ya dawa, kabla ya upasuaji, hakukurefusha maisha.

Kwa hiyo mwenye nguvu za kuhimili dawa, aliyepasuliwa vizuri na tezi za kutosha zikatolewa, huenda asihitaji mionzi kabisa. Muulizeni daktari hivyo waziwazi kabla ng'ombe hajauzwa. Ikiwa upasuaji uliacha mabaki, mionzi bado ina kazi. Na kwa asiyeweza kupasuliwa, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kipindi kimoja cha grei 8, au vitano vya grei 4, mara nyingi huizuia damu. Kimoja, vitano, au ishirini na vitano: tofauti kubwa ya bei iko hapo, wala si kati ya hospitali na hospitali.

Tuje kwenye bima. NHIF ya Kenya, enzi zake, ililipa shilingi 3,600 kwa kipindi, mwisho vipindi 20. Mgonjwa wa vipindi 25 alibaki na vitano mkononi. SHA, iliyochukua nafasi yake, ilipoanza Oktoba 2024 iliweka shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kwa ajili ya saratani, na 150,000 za ziada kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Pesa hizo ndizo zinazolipia pia kemo na picha, basi mionzi isiyo ya lazima inakula fungu la dawa.

Kisha kuna malazi. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, na mtu wa Lamu hawezi kwenda na kurudi. Chukulia kitanda Nairobi ni shilingi 800 kwa usiku, watu wawili, siku 35: tayari ni 56,000, chakula bado. Mwenye ndugu wa kumpokea Mombasa anaweza kulipa 1,000 zaidi kwa kila kipindi huko, jumla 25,000, na bado akatoka na nafuu kuliko Nairobi.

Kuhusu mashine, nina msimamo. Tumbo limepakana na ini, moyo na figo ya kushoto. Kwa vipindi 25 ningelipa zaidi nipate mashine mpya inayoweza kuukata mwale kufuata umbo la uvimbe. Kwa kipindi kimoja cha kuzuia damu, mashine ya kobalti inatosha. Popote uendako, uliza mashine ikilala utapelekwa wapi. Uganda mwaka 2016 mashine yake pekee iliharibika, na wagonjwa wakakwama katikati ya tiba. Uliza pia kuhusu kula. Mahali makini watakuambia ukae kwa saa mbili tatu bila chakula kila siku ya tiba, maana tumbo lililojaa husogea, na mistari uliyochorwa kwenye ngozi haitalielekea tena.

Tukija kwenye dawa zenyewe, kuna kipimo kimoja cha damu ambacho nisingekiruka hata pesa zikibana. Fluorourasili, na vidonge vya kapesitabini vinavyogeuka kuwa dawa hiyohiyo mwilini, huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho DPD. Aliyepungukiwa nacho anaweza kufa kwa dozi ya kawaida. Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupima jeni. Vipimo vingi vya Ulaya hutafuta kasoro nne zinazopatikana hasa kwa Wazungu; iliyo muhimu kwetu, c.557A>G, huonekana zaidi kwa wenye asili ya Afrika, na mara nyingi haimo. Unalipa, unaambiwa uko salama, kumbe hawakukutafutia yako. Ya pili ni kupima katika damu urasili, kitu cha asili kinachovunjwa na kimeng'enya hichohicho; njia hii huonyesha kazi ya kimeng'enya bila kujali jeni. Nanogramu 16 kwa mililita na kuendelea ni dalili ya upungufu. Mimi ningechagua hii, kwa sharti moja. Damu ikikaa kwenye joto la chumba, urasili hupanda wenyewe na majibu huharibika. Kichupa kiingie kwenye barafu pale pale kitandani, na damu itenganishwe ndani ya saa chache. Kabla ya kulipa, mwombe mtu wa maabara akuonyeshe hilo boksi la barafu.