Gredi ya Gari kwa Barabara za Kasulu na Kibondo

Gredi ni kiwango cha vifaa ambacho kiwanda hufunga kwenye gari la aina moja. Magari mawili yanaweza kuwa na bodi ile ile, jina lile lile na mwaka ule ule, lakini moja likawa na rimu za chuma, viti vya kitambaa na madirisha ya kuzungusha kwa mkono, na jingine likawa na rimu za aloi, viti vya ngozi, kamera na springi za hewa. Prado ya kizazi kilichoanza mwaka 2009, iliyouzwa katika soko la Japan, hupanda kutoka TX, kupitia TX L Package, hadi TZ-G. Probox, iliyoingia sokoni mwaka 2002, huja kama DX, GL au F. Ford Ranger huanzia XL, hupita XLT na kufika Wildtrak.

Mnunuzi wa Kasulu au Kibondo hukutana na swali la gredi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua gari la kilomita sifuri kwa wakala aliyeko Dar es Salaam, njia inayotumiwa zaidi na taasisi na kampuni. Ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, ni kuagiza gari lililotumika Japan, ambalo kwa mwenye kulipokea ni jipya. Katika njia zote mbili uamuzi hufanyika kabla ya malipo. Gari likishavuka bandari na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi nyanda za juu za Kigoma, gredi haibadilishwi tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutenganisha vifaa vya aina mbili: vile ambavyo fundi wa mjini anaweza kuvifunga baadaye, na vile vinavyopatikana kiwandani tu. Redio, vifuniko vya viti, keria, bampa la chuma, kamera ya nyuma na tinti za vioo ni vya kundi la kwanza. Injini, mfumo wa kuendesha magurudumu manne, loki ya difu, mifuko ya hewa na breki za ABS ni vya kundi la pili. Pesa ya ziada inayolipiwa gredi ya juu ina maana pale inaponunua kitu cha kundi la pili.

Herufi zinasema nini

Herufi za gredi hazina kanuni moja. Katika Land Cruiser kubwa, VX iko juu ya GX. Umaarufu wa VX nchini Tanzania, ndilo shangingi lenyewe, umewafanya wengi waamini kwamba herufi hizo ni cheo kwa gari lolote. Lakini Prado iliyouzwa Australia ilianzia GX, ikafuata GXL na VX, na juu kabisa ikawekwa Kakadu, jina lisilokuwapo kabisa Japan. Hata kwa mtengenezaji mmoja, gredi hulinganishwa ndani ya aina moja ya gari, mwaka mmoja na soko moja.

Beji ya nyuma nayo si ushahidi wa kutosha, maana hung'olewa na kubandikwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ushahidi ni msimbo wa modeli ulio kwenye kibati cha mtengenezaji na katika nyaraka za gari. Kwa Probox za mwanzo, NCP50 ni injini ya lita 1.3, NCP51 ni lita 1.5, na NCP55 ni lita 1.5 yenye kuendesha magurudumu manne. Baada ya mabadiliko ya mwaka 2014, misimbo hiyo ikawa NSP160, NCP160 na NCP165.

Herufi ya mwisho ya msimbo ina uzito wake. V ni gari la mizigo na G ni gari la abiria. Probox yenye V ina kiti chembamba cha nyuma, kilichoundwa kulala ili kupisha mzigo, na ikiwa na watu wawili hubeba kilo 400. Ile ya abiria, NCP58G au NCP59G, ina kiti kinene zaidi cha nyuma, nayo iliacha kutengenezwa kabla ya toleo la mwaka 2014. Anayetaka mchomoko wa kusafirisha abiria kati ya Kasulu na vijiji vyake, na anayetaka gari la kupeleka maharage na mahindi sokoni, wanatafuta magari mawili tofauti ingawa kwa mbali yanafanana kila kitu.

Kodi hupandisha bei ya kila kifaa

Bei ya gredi inayoonekana kwenye tangazo si bei itakayolipwa. Gari linapoingia Tanzania hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na usafiri. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa: asilimia 5 kwa injini iliyozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa injini iliyozidi hapo. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18 ya jumla yote. Gari lenye umri mkubwa huongezewa ushuru wa uchakavu, na ada ndogo ndogo za bandarini hufuata.

Hesabu hiyo huzidishwa hatua kwa hatua. Kwa gari jipya lenye injini ya zaidi ya lita 2, shilingi 100 za kifaa kilichofungwa kiwandani huwa 125 baada ya forodha, 137.50 baada ya ushuru wa bidhaa, na takriban 162 baada ya VAT. Kwa injini ya lita 1.5 hufika takriban 155. Viti vya ngozi vya shilingi milioni moja vinaweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya milioni moja na nusu kabla gari halijatoka bandarini. Vifuniko vizuri vya viti, vikishonwa Kasulu, havipiti katika mlolongo huo.

Kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato Tanzania hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake yenyewe, ambao mtu yeyote anaweza kuuangalia kwenye tovuti ya mamlaka kwa kuingiza aina ya gari, mwaka na injini. Ni vizuri kupiga hesabu hiyo kwa kila gredi inayofikiriwa kabla ya kutuma pesa. Probox ya lita 1.3 na ya lita 1.5 ziko katika kundi moja la ushuru wa bidhaa, kwa hiyo injini ndogo haimpunguzii mnunuzi kiwango cha ushuru huo.

Barabara, mvua na matairi

Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wenye urefu wa kilomita 260.6 na uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na serikali, umebadilisha hesabu za wenye magari. Mtu ambaye safari zake zote ni kati ya miji hahitaji tena gari la porini. Lakini barabara za kwenda Heru Juu, Kagera Nkanda, Mabamba au Busunzu zina udongo mwekundu ambao kiangazi huwa vumbi na masika huwa utelezi. Mvua za nyanda hizo huchukua sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei.

Hapo gredi ya juu inaweza kuwa hasara. Prado TX hutoka kiwandani na matairi ya 265/65R17, na TZ-G na 265/60R18. Upana ni ule ule, lakini ukuta wa tairi la kwanza una milimita 172 na wa pili milimita 159. Ukuta mrefu hupokea kishindo cha shimo au jiwe kabla hakijafika kwenye rimu. Tena, saizi ya inchi 17 hutumika pia kwenye Hilux nyingi, kwa hiyo si ngumu kupatikana mikoani.

Springi za hewa za nyuma za TZ-G husawazisha gari lenye mzigo na kutuliza safari ya lami. Zinapochakaa, hudai kompresa, sensa na mipira ambayo fundi wa kawaida hana. Springi za chuma na shokapu za kawaida za TX hubadilishwa kwa siku moja katika gereji nyingi. Gredi ya chini hapa ndiyo yenye uhakika wa kurudi barabarani.

Kuendesha magurudumu manne ni jambo jingine. Mfumo huo haufungwi baadaye kwa gharama yenye maana, na kwa mtu anayeishi nje ya lami huamua kama gari litatumika mwaka mzima au nusu mwaka. Anayelazimika kuchagua kati ya Probox GL ya magurudumu mawili na DX ya magurudumu manne kwa bei moja anaweza kuichukua DX bila majuto. Ikumbukwe tu kwamba magurudumu manne husaidia gari kuondoka na kupanda, hayalisaidii kusimama.

Injini juu ya mwinuko

Kasulu na Kibondo ziko juu sana kuliko Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya nyanda hizo ina mwinuko wa kati ya mita 1,200 na 1,500. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 109 usawa wa bahari hubaki na kama 93 kwenye mita 1,500, na ya lita 1.3 yenye 88 hubaki na kama 75. Kwa gari lenye abiria na mizigo kwenye vilima, tofauti hiyo huonekana kila safari. Injini yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Turbo ya kisasa nayo ina masharti yake. Prado ya dizeli iliyotolewa Japan kuanzia mwaka 2015 ina injini ya lita 2.8, chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la maji ya urea yanayoitwa AdBlue. Chujio hujisafisha gari linapokimbia vya kutosha, na safari fupi fupi za mjini hulijaza. Maji ya urea yakiisha, gari hukataa kuwashwa tena. Anayechagua gredi yenye injini hiyo ahakikishe kwanza atapata wapi maji hayo na nani ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Prado ya petroli ya lita 2.7 hula mafuta zaidi, lakini haina masharti hayo.

Usalama kwanza, starehe baadaye

Mifuko ya hewa haiongezwi gereji. Gari lenye mfuko wa dereva peke yake litabaki hivyo maisha yake yote. ABS huzuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Kwenye kokoto na vumbi inaweza kurefusha kidogo umbali wa kusimama, lakini usukani huendelea kutii, na dereva anaweza kumkwepa mtoto au mbuzi aliyekatiza njia. Mfumo wa kudhibiti utelezi, ambao Toyota huuita VSC, hupunguza kasi ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuserereka kwenye kona. Kama vifaa hivi vipo gredi ya kati na havipo gredi ya chini, hiyo ni sababu ya kutosha ya kupanda gredi.

Starehe za gredi ya juu zina mipaka yake nje ya Japan. Ramani ya kiwandani huonyesha barabara za Japan kwa Kijapani. Redio za magari mengi ya huko hushika FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali masafa ya Tanzania huanzia 87.5 hadi 108, hivyo stesheni nyingi hazishiki mpaka kifungwe kifaa cha kuhamisha masafa au redio nyingine. Mnunuzi hulipia skrini kisha hulipia tena kuing'oa.

Mfano wa taasisi

Mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo yameonyesha kwa miaka mingi namna nyingine ya kuchagua. Gari lao la kawaida limekuwa Land Cruiser Hardtop, hasa HZJ78 yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Ndani ni kukavu: plastiki na viti vigumu. Pesa imewekwa kwenye matangi mawili ya lita 90, mkonga wa kuvutia hewa juu, winchi na redio ya mawasiliano. Magari ya namna hiyo huuzwa kwa mashirika ya misaada na wauzaji maalumu kama Toyota Gibraltar Stockholdings, ambao huwafungia vifaa kulingana na kazi.

Mpangilio wa uamuzi

Mnunuzi binafsi anaweza kufuata namna hiyo ya taasisi kwa kipimo chake. Kwanza huamuliwa kazi ya gari: abiria, mizigo au familia, lami au vijiji. Pili huchaguliwa injini na mfumo wa magurudumu kwa msimbo wa modeli, si kwa beji. Tatu huangaliwa vifaa vya usalama. Nne huulizwa mafundi na wauza spea wa Kasulu, Kibondo au Kigoma mjini ni gredi ipi wanayoimudu na vipuri vyake vinatoka wapi. Tano hupigwa hesabu ya kodi kwa kila gredi iliyobaki. Starehe huja mwisho. Gredi mbili zikilingana katika hatua tano za mwanzo, ile ya chini ndiyo ya kuchukua, na tofauti ya bei iende kwenye matairi mapya, bima kubwa na seti ya kwanza ya spea.