Kalenga Isipitwe Tu

Wajapani husafiri mwendo mrefu kwenda kuitazama ngome ya Himeji na nyinginezo za samurai, mashujaa wao wa kale. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, na wengi wetu hatujaitia machoni.

Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya mawe ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti, 1891, askari wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wake, Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani waliipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa akapigana porini hadi mwezi Julai, 1898, alipojiua asitiwe mikononi mwao. Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa hapo hapo Kalenga.

Watalii waendao Ruaha hatuwalaumu. Wao wamefuata tembo. Lakini mwanafunzi wa Iringa au Mbeya amalizaye shule bila kufika hapo ana haki ya kutudai. Twashauri kila shule itenge siku moja ya kuzuru Kalenga na Lugalo, na wazee waalikwe wasimulie, bila kuficha habari chungu za vita vya Wahehe na Wasangu.